Jinsi ya Kukodi Gari Uingereza kwa Leseni ya Tanzania au Kenya

Ukija Uingereza kutembea, kuendesha kwenyewe si tabu. Wanapita kushoto kama sisi, na kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia. Wengi wanakwamia kaunta, kabla hata hawajapewa ufunguo. Kwa hiyo maandalizi yaanze nyumbani.

Kwanza leseni. Mgeni anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa leseni ya kwao kwa miezi 12 tangu aingie nchini, mradi iwe leseni kamili ambayo haijaisha muda. Ya mwanafunzi haifai. Sheria haikulazimishi kuwa na leseni ya kimataifa, ila baadhi ya kampuni za kukodisha huidai, kwa hiyo soma masharti yao kabla ya kulipa chochote. Ukiihitaji, iombe kabla hujasafiri: Kenya hutolewa na AA Kenya, Tanzania na AA Tanzania, yaani vyama vya wenye magari. Ni tafsiri tu ya leseni yako, hivyo beba zote mbili.

Pili kadi, na hapa naomba usikilize kwa makini. Kampuni nyingi zinataka kadi ya plastiki, mara nyingi ya mkopo, yenye jina la dereva mwenyewe. Shemeji yangu alitoka Mwanza na kadi ya mke wake. Gari alishalipia, pasipoti anayo, leseni anayo, lakini kwa sababu jina halikulingana alikataliwa, akaja kwetu kwa basi na mabegi manne. Hakikisha pia kadi ina salio la kutosha, maana wanazuia amana mpaka urudishe gari.

Unapoweka nafasi, taja kama unataka otomatiki, andikisha dereva wa pili, na omba siti ya mtoto: mtoto aliye chini ya miaka 12 na urefu wa chini ya sentimita 135 ni lazima awe nayo. Uliza gari likigongwa utalipa kiasi gani mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Kiasi hicho kinaweza kuwa kikubwa kuliko kodi ya wiki nzima.

Siku ya kuchukua gari, usikubali kuharakishwa. Lizunguke na simu mkononi. Piga picha bampa, vioo, geji ya mafuta, kisha chuchumaa upige rimu moja moja, kwa sababu mikwaruzo ya rimu ndiyo inayoleta ubishi. Alama yoyote isiyo kwenye fomu yao, iandikwe kabla hujasaini.

Barabarani, vibao vinasoma maili: 30 mjini ni kama kilomita 48 kwa saa, na 70 kwenye barabara kuu za mwendo kasi (motorway) ni kama 112. Wales, sehemu nyingi za makazi ni 20. Ukiingia katikati ya London au ukivuka Mto Thames pale Dartford kuna tozo, na hakuna kibanda cha kulipia. Kamera inasoma namba ya gari, nawe unalipa mtandaoni. Ya Dartford mwisho wake ni saa sita usiku wa siku inayofuata. Ukisahau, faini inakwenda kwa kampuni, nayo inaweza kuongeza ada yake juu kabla ya kukukata.

Kabla ya kurudisha, jaza mafuta jirani na hapo, tunza risiti, piga tena picha zilezile. Usizifute mpaka amana irudi kwenye kadi.