Jinsi ya kuomba usajili wa kulea watoto nyumbani kwako England

Ukimlea nyumbani kwako mtoto aliye chini ya miaka 8, kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, na ukapata malipo, sheria ya England inakutaka usajiliwe kabla ya kumpokea. Malipo si pesa pekee: mzazi anayekununulia vyakula vya wiki badala ya kukupa pauni naye amekulipa. Kulea bila usajili ni kosa la jinai, hata kama watoto wanatunzwa vizuri na wazazi wameridhika.

Wengi wetu hukosea kwenye neno "ndugu". Sheria inamsamehe bibi, babu, shangazi, mjomba, kaka na dada, wa damu au wa ndoa. Dada wa mama wa mtoto anahesabiwa. Lakini "mama mdogo" ambaye ni binamu ya mama yake, au rafiki wa familia aliyezoeleka kwa jina hilo, si ndugu mbele ya sheria hii. Huyo anahitaji usajili kama mtu baki.

Mwongozo huu ni wa England tu, ambako msajili ni Ofsted, taasisi ya serikali inayokagua elimu na malezi ya watoto. Scotland wana Care Inspectorate, Wales wana Care Inspectorate Wales, na Ireland ya Kaskazini kazi hii iko kwa mamlaka za afya na ustawi wa jamii, kila moja na taratibu zake. Ndani ya England unaweza pia kujisajili kupitia wakala wa walezi badala ya Ofsted. Hapa tunaeleza njia ya Ofsted.

Kabla ya yote, soma masharti ya viza yako. Mlezi wa nyumbani amejiajiri mwenyewe. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, na aliyedhaminiwa na mwajiri kwa viza ya uhudumu wa afya amefungwa kwenye kazi aliyodhaminiwa. Kama umepanga nyumba, andika barua kwa mwenye nyumba au halmashauri na upate ruhusa kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo haitakusaidia jirani akilalamika.

Karatasi zinazochelewa ndizo za kuanza nazo

Fomu ya maombi iko kwenye tovuti ya GOV.UK na ukiwa na kila kitu mkononi unaijaza kwa siku moja. Kinachokula miezi ni vielelezo vyake. Anayeanza na fomu hujikuta ameshalipa ada na hana cha kuambatanisha.

Kama umeishi nje ya Uingereza ndani ya miaka 5 iliyopita, utatakiwa cheti cha polisi cha nchi hiyo. Kenya hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na ombi huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Tanzania hutolewa na Jeshi la Polisi. Kote huko wanataka alama za vidole, kwa hiyo ukiwa England itabidi uchukuliwe alama huku kisha zitumwe nyumbani. Anza na hili siku hiyo hiyo unayoamua kuomba, na hakikisha majina kwenye cheti yanalingana na ya pasipoti herufi kwa herufi.

Pili ni ukaguzi wa DBS (rekodi za uhalifu) wa kiwango cha juu, pamoja na orodha za watu waliozuiwa kufanya kazi na watoto. Si wako peke yako. Kila mtu wa miaka 16 au zaidi anayeishi nyumbani kwako lazima akaguliwe: mume, mtoto wa sekondari, mdogo wako aliyekuja kukaa mpaka apate kwake, mpangaji wa chumba cha juu. Ukimwacha mmoja, maombi yote yanasimama.

Tunajua wengi mnaoomba mmefanya kazi kwenye nyumba za wazee na tayari mna cheti cha DBS. Hicho hakitoshi. Kilitolewa kwa kazi ya watu wazima; hapa kinatakiwa cha kazi ya watoto inayofanyika nyumbani, kilichoombwa kupitia tovuti ambayo Ofsted inakuelekeza. Kikishatoka, jiunge na huduma ya DBS ya kusasisha taarifa ndani ya siku 30 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye cheti. Siku ya 31 mlango umefungwa, na unaanza upya kwa kulipa upya.

Fomu ya DBS hukwama kwenye majina na anwani. Taja kila jina ulilowahi kutumia. Kama Kenya uliandikwa Mohamed Ali Salim, kisha kwenye viza ukawa Ali Mohamed, yote mawili yaandikwe. Jina la kabla ya ndoa nalo liandikwe. Anwani zinatakiwa za miaka 5 bila pengo: ule mwezi mmoja uliolala kwa rafiki Leicester kabla ya kupata nyumba Coventry ni anwani, uandike pamoja na tarehe zake.

Tatu ni mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto. Kozi kamili ni ya saa 12 na cheti hudumu miaka 3. Zipo kozi za saa 6 zinazouzwa kwa bei nzuri, lakini hazikubaliki kwa mlezi wa watoto wadogo. Uliza saa kabla ya kulipa. Fanya pia mafunzo ya ulinzi wa mtoto. Halmashauri nyingi huyatoa, pamoja na kikao cha maelezo kwa wanaotaka kuanza.

Baki sasa tamko la afya na wadhamini wawili wanaokufahamu. Sehemu ya kujazwa na daktari wako wa GP huwa na malipo, na kila kituo kina bei yake, kwa hiyo uliza mapema.

Kujaza na kulipa

Anayelea watoto tangu kuzaliwa hadi tarehe 31 Agosti baada ya kutimiza miaka 5 huingia Daftari la Miaka ya Awali. Wakubwa zaidi wako kwenye Daftari la Malezi. Omba yote mawili pamoja: ada inabaki pauni 35 kwa mwaka, wakati anayeomba Daftari la Malezi peke yake hulipa pauni 103. Ada hairudishwi. Ofsted huchukua hadi wiki 12 kutoa uamuzi, na huchelewa zaidi pale kitu kinapopungua.

Hesabu watoto, pima sakafu

Mlezi mmoja anaruhusiwa watoto 6 walio chini ya miaka 8 kwa wakati mmoja. Kati yao, wasiozidi 3 wawe wadogo, yaani ambao bado hawajafika Septemba 1 baada ya kutimiza miaka 5, na kwa kawaida mmoja tu awe chini ya mwaka. Watoto wako mwenyewe wamo kwenye hesabu hiyo. Ukiwa na wako wa miaka 2 na wa miaka 3 nyumbani, nafasi ya mtoto mdogo wa kulipiwa imebaki moja. Sharti lina unafuu kwa ndugu wa tumbo moja, mapacha wakiwemo, na kwa wa miaka 4 na 5 wanaokuja tu kabla au baada ya shule, ili mradi wote kwa jumla wasizidi 6. Chora ratiba ya wiki na uhesabu saa baada ya saa. Mahali panapovunjika ni saa tisa na nusu alasiri, wanaotoka shule wanapowakuta wadogo ambao hawajachukuliwa.

Nafasi ya sakafu ni mita za mraba 3.5 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 2, 2.5 kwa wa miaka 2, na 2.3 kwa wa miaka 3 hadi 5. Jiko, choo, korido na stoo havihesabiwi. Watoto watatu, mmoja wa kila rika, wanahitaji mita za mraba 8.3. Sebule ya mita 4 kwa 3 ina 12, lakini ukiweka makochi mawili makubwa na kabati la vyombo, watoto wanabaki na kichochoro. Ondoa kochi moja.

Mtoto mwenye mahitaji ya ziada

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakuhusu hata kama unalea mtoto mmoja. Huwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu wake, unatakiwa ufanye marekebisho yanayowezekana, na huruhusiwi kumtoza mzazi gharama ya marekebisho hayo. Marekebisho mengi ni madogo: kumtenga mtoto mwenye usonji na kelele za televisheni, kumwonyesha picha ya viatu kabla ya kutoka ili ajue kinachofuata, kumwekea mwenye mtindio wa ubongo kiti kinachomshika mgongo wakati wa kula.

Mtoto mwenye kifafa aliyeandikiwa dawa ya dharura ya kuwekwa shavuni haji mpaka uwe umefundishwa na muuguzi jinsi ya kuitoa, mzazi ameandika ruhusa ya dawa hiyo kwa jina, na kampuni ya bima imejulishwa. Tunasisitiza huo mpangilio. Mtoto akianza kutetemeka si wakati wa kusoma maelezo ya pakiti.

Ukiona mtoto anachelewa katika makuzi, fuata mzunguko wa hatua nne: chunguza, panga, tekeleza, pitia upya, na andika tarehe. Mzazi wake aambiwe mapema, faraghani, kwa lugha anayoielewa. Kwetu jambo hili huleta haya na hofu ya maneno ya watu, na mzazi mwingine atakwambia "atasema tu, hata baba yake alichelewa". Msikilize, kisha mwombe mwende pamoja kwa mhudumu wa afya wa mtoto. Ruzuku ya ulemavu ya mtoto, DLA, huombwa hata kabla ya ugonjwa kupewa jina. Mtoto anayeipata, na anayetumia saa za malezi zinazolipwa na serikali, humstahilisha mlezi kudai fedha za DAF, za kumwezesha mtoto mwenye ulemavu kuhudhuria, kwa halmashauri mara moja kwa mwaka. Sasa hata wa miezi 9 wamo. Halmashauri ina pia mfuko wa SEN (mahitaji maalum ya elimu) kwa msaada wa ziada. Mpango wa EHC, ule wa kisheria wa elimu, afya na huduma kwa mtoto, huombwa na mzazi, na wewe unaweza kuijulisha halmashauri kwamba mtoto huenda anauhitaji: halmashauri ina wiki 6 kujibu kama itamtathmini, na wiki 20 kwa mchakato wote.

Siku ya mkaguzi

Mkaguzi atakuja nyumbani kuangalia vitambulisho, nyumba na bustani, kisha atakuhoji. Kengele za moshi ziwe zinalia, ngazi ziwe na geti, dawa na sabuni ziwe zimefungiwa juu. Walezi wengi wenye nyumba safi hukwama kwenye maswali. Huhitaji sera zilizoandikwa, lakini lazima uweze kuzieleza kwa mdomo, tena kwa Kiingereza kinachoeleweka. Soma EYFS, yaani masharti ya serikali ya malezi ya miaka ya awali, toleo la walezi wa nyumbani. Siyo lile la vituo.

Utaulizwa ungefanya nini ukiona mchubuko kwa mtoto ambaye hajaanza kutambaa. Jibu si "ningemuuliza mama yake kisha ningengoja". Ni kuandika ulichoona na kupiga simu kwa ustawi wa watoto wa halmashauri siku hiyo hiyo, na namba uwe nayo ukutani. Utaulizwa pia ungefanya nini mtu akimtuhumu mume wako. Unaijulisha halmashauri kupitia afisa wake wa tuhuma dhidi ya walezi, aitwaye LADO, na Ofsted ndani ya siku 14. Kuhusu nidhamu, mlezi haruhusiwi kumchapa mtoto wala kumtishia kipigo, hata mzazi akikwambia "mchape tu".

Kiswahili chako kitaje bila kusita. EYFS inamtaka mlezi ampe mtoto ambaye lugha ya nyumbani si Kiingereza nafasi ya kuitumia anapocheza na kujifunza. Nyimbo, hadithi na vitendawili ni kazi halali ya siku. Mweleze mkaguzi utavitumia lini na Kiingereza utakikuza vipi.

Ukiona hujawa tayari, ondoa maombi mapema. Ofsted ikishakupa notisi ya kusudio la kukataa, huwezi kuyaondoa bila idhini yake, na anayekataliwa hupoteza sifa ya kulea.

Cheti kikitoka, kibandike wazazi wakione. Hakikisha bima ya dhima kwa umma inaanza kabla ya mtoto wa kwanza. Jisajili HMRC, mamlaka ya kodi, kama uliyejiajiri, na ICO, ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi, kama unahifadhi picha au taarifa za watoto kwenye simu. Wazazi sasa wanaweza kukulipa kupitia akaunti ya malezi ya serikali, ambako kila pauni 8 za mzazi huongezewa 2. Ukaguzi wa kwanza kamili huja baadaye.

Daftari la mahudhurio liandike saa ya kuingia na kutoka kila siku. Na weka kwenye kalenda siku ambayo mwanao anatimiza miaka 16, na siku ambayo mgeni kutoka Mombasa au Dodoma anahamia kwako: Ofsted wajulishwe kabla ikiwezekana, au ndani ya siku 14, na DBS ya huyo mtu ianze mara moja.