Pumzi kwa Dakika Moja Kamili: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uuguzi Anayeanza Wodini Lamu

Mwanafunzi wa uuguzi anayeanza zamu zake za kwanza katika wodi ya Lamu hutamani kufika haraka kwenye kudunga sindano na kufunga vidonda, kwa kuwa hayo ndiyo watu huyaona na kuyasifu. Nami nilikuwa hivyo. Lakini dawa utakazotoa, na hata uamuzi wa kumwita daktari usiku wa manane, hutegemea jambo linalotangulia hayo yote: umemwangalia mgonjwa mwenyewe, na umeandika ulichokiona.

Anza kwa kunawa mikono kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, au kwa dawa ya kusugulia yenye spiriti kwa sekunde 20 hadi 30 ikiwa mikono haina uchafu unaoonekana, na urudie kabla ya kumwendea mgonjwa mwingine. Piga hodi nje ya pazia, toa salamu, jitambulishe kuwa wewe ni mwanafunzi, kisha ueleze unachotaka kufanya, kwani mgonjwa ana haki ya kukubali na ya kukataa. Usimuulize, "Wewe ndiye Fatma Omar?" Mwenye homa kali huitika naam kwa jina lolote, na katika mji ambao mjukuu hupewa jina la bibi yake, wodi moja yaweza kuwa na wawili wenye jina hilo. Mwache ataje mwenyewe majina yake matatu, nawe ulinganishe na nambari ya faili. Mgonjwa mwanamke muulize mapema iwapo angependa kuhudumiwa na mwanamke mwenzake, usingoje hadi umwone akijivutia buibui kwa haya.

Katika vipimo vyote, kinachopuuzwa zaidi ni pumzi. Mpigo wa mshipa uhesabu kwa ncha za vidole viwili au vitatu, wala usitumie kidole gumba, kwa kuwa nacho kina mshipa unaopiga na unaweza kuhesabu mapigo yako mwenyewe. Ukimaliza, usiuachie mkono wa mgonjwa na usimwambie kitu. Ulaze juu ya kifua chake, uendelee kuushika kana kwamba bado unahesabu mshipa, na uangalie unavyopanda na kushuka. Hata aliyejifunika shuka hadi shingoni, pumzi zake zitaonekana hapo. Hesabu dakika moja kamili kwa saa yenye mshale wa sekunde. Mgonjwa anayejua kuwa pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha bila kukusudia, na anayepumua mbio kisha akatulia hawezi kujulikana kwa nusu dakika iliyozidishwa kwa mbili.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, niliandika 20 kwenye chati ya mzee mmoja kwa sababu mistari yote ya juu ilikuwa imeandikwa 20. Muuguzi aliyenisimamia hakunikemea. Alinipa saa yake, akanisimamisha kando ya kitanda, tukahesabu pamoja. Zilikuwa 34. Mzee yule alikuwa na nimonia, na namba yangu ingemwacha alale hivyo hadi asubuhi. Tangu siku hiyo sijaandika namba ambayo sikuihesabu.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zikifika 25, mwite msimamizi wako papo hapo, hata kama mgonjwa anasema hajambo. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, pumzi ni za mbio zikifika 60. Kwa wa miezi 2 hadi 11 zikifika 50. Na kwa wa mwaka 1 hadi 5 zikifika 40. Tazama pia kama chini ya mbavu panabonyea ndani anapovuta hewa.

Andika pale pale, usingoje mwisho wa zamu. Saa zetu zina mtego wake: mama akikwambia homa ya mtoto ilianza saa mbili, yaweza kuwa 08:00 au 20:00, kwa hiyo uliza ni ya asubuhi au ya usiku, kisha uandike kwa mtindo wa saa 24. Maneno ya mgonjwa yaandike alivyoyasema. Akisema "moyo unanibana", usigeuze kuwa ugonjwa wa moyo; mwombe akuonyeshe kwa kidole, maana huenda akaonyesha chembe cha moyo, juu ya tumbo. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, andika kilicho sahihi, kisha utie saini na saa. Mgonjwa aliyeletwa kwa mashua kutoka Faza au Kizingitini huenda akavushwa tena hadi Mokowe na kupelekwa kwa gari Malindi au Mombasa, na atakayempokea huko ataanza na karatasi yako.

Dawa utazitoa ukiwa chini ya uangalizi wa muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Hakikisha mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati, na utie saini baada ya dawa kumezwa, kamwe si kabla. Mwezi wa Ramadhani ongeza swali moja: je, umefunga? Mgonjwa wa kisukari aliyefunga bila kusema anaweza kudungwa insulini ya asubuhi naye hatakula hadi magharibi, sukari ikashuka mpaka akazimia. Muulize kwa heshima na umwarifu daktari. Kubadilisha saa za dawa si kazi yako.

Siri ya mgonjwa inalindwa na kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Katika vichochoro vya Mkomani na Langoni majirani watakuuliza hali yake kwa upendo wa kweli, na kunyamaza kutaonekana utovu wa adabu. Jibu kwa upole: "Habari za wodini hubaki wodini, mama, tuwaombee dua wagonjwa wote."

Zamu inapokwisha, wakabidhi wagonjwa kando ya vitanda vyao, kwa sauti ya chini. Taja sababu ya kulazwa, vipimo vya mwisho na saa yake, kilichobadilika tangu asubuhi, na kilichosalia kufanywa. Anayepokea naye aangalie dripu inapoingia kama pamevimba. Akipima akapata namba iliyo mbali na yako, usiondoke bado. Rudini kitandani, mlaze mkono wa mgonjwa juu ya kifua, mhesabu tena pamoja.