Namna ya kutafsiri "Msichana wa Nywele Nyeupe" kwenye kibanda umiza (banda la mtaani la kuonyeshea muvi)

Muvi hii ya Kichina ya mwaka 1950, iliyoongozwa na Wang Bin na Shui Hua, inataka DJ (anayeitafsiri muvi kwa maiki huku watu wakitazama) aliyejiandaa. Itazame mara mbili: kwanza ushike kisa, kisha uandike dakika ya kila wimbo. Nyimbo ni nyingi na ukiongea juu yake umeiua muvi. Sema sentensi moja kabla wimbo haujaanza, halafu funga maiki. Maiki na muvi zikae chaneli tofauti kwenye mikseri. Unapoongea, shusha muvi hadi kama theluthi, usiizime.

Kazi yenyewe iko kwenye mkesha wa mwaka mpya. Mwaka wa Kichina hufuata mwezi, huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na kwa desturi ya zamani madeni yalipaswa kulipwa kabla mwaka haujaisha. Usipolisema hili mapema, mtu wa Manzese atauliza kwa nini mdai hasubiri sikukuu ipite.

Mzee Yang Bailao anarudi kwenye theluji na unga kidogo wa jiaozi (vichapati vyembamba vinavyofungiwa nyama au mboga na kuchemshwa), picha za miungu walinzi za kubandika mlangoni, na uzi wa nywele wa binti yake Xi'er. Uzi huo ni mwekundu, rangi ya heri, lakini muvi ni ya nyeusi na nyeupe. Rangi utaitaja wewe, la sivyo wataona kamba tu.

Halafu karatasi, yaani hati ya kumtoa binti kulipia deni la mzee. Huku kwetu kausha damu (wakopeshaji wa riba kubwa) wanabeba tivii na godoro. Mwenye ardhi Huang Shiren, mdai wa mzee, anabeba binti. Tamka kwamba binti anachukuliwa pale kidole gumba cha mzee kinapogandamizwa kwenye hati, si baadaye, maana bila maneno hapo panaonekana kama saini ya kawaida. Mzee akinywa kitu baadaye, eleza kuwa ni maji makali ya kugandishia tofu, yaani sumu. Ukisema "maji ya chumvi" peke yake, kifo chake hakieleweki.

Xi'er (tamka "Shi-a") akikimbilia mlimani, usimwite jini. Wanakijiji ndio wanaodhani ni mzimu. Nywele zimekuwa nyeupe kwa kuishi pangoni bila chumvi wala jua.

Kwenye mkutano wa kumshtaki Huang, kibanda kizima kitapiga kelele. Usishindane nao: taja tu nani anasimama kumshtaki na kwa kosa gani.