Mtoto mwepesi wa hesabu usimkimbize

Nimefundisha hisabati katika shule za msingi kwa miaka 26, mingi yake hapa Malaba, upande wa Uganda. Nimestaafu, na sasa barazani kwangu nina mwanafunzi mmoja tu: binti wa miaka tisa, darasa la nne, ambaye mama yake hubadilisha pesa karibu na mpaka. Nilimtambua nikiwa nimekaa na mama yake. Dereva wa lori alitoa shilingi 350 za Kenya, kiwango cha siku hiyo kilikuwa shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya, na kabla mama hajashika kikokotoo mtoto akasema, "Elfu tisa mia nane."

"Umejuaje, mama?" nikamuuliza yule mtoto.

Akasema 350 mara 28 ni sawa na 700 mara 14, nayo ni sawa na 1,400 mara 7. Hakuna aliyemfundisha kuongeza maradufu upande mmoja na kugawa nusu upande wa pili. Darasani, kwa hesabu ya namna hiyohiyo, alikuwa amewekewa kosa kwa sababu hakuipanga kwa safu.

Ukiwa na mtoto wa aina hii, usiangalie kasi peke yake. Wapo watoto wanaojibu haraka kwa sababu wamekariri. Angalia kama anajitafutia njia fupi, kama anauliza "na ingekuwa hivi je?", na kama hesabu 40 zinazofanana humchosha kuliko moja ngumu.

Majuma mawili ya kwanza usimfundishe kitu. Muulize tu, uone mashimo yako wapi, maana mtoto mwepesi huyaruka bila hata mwenyewe kujua. Huyu wangu, pamoja na wepesi wake wote, aliniambia tatu kati ya saba, yaani 3/7, ni kubwa kuliko 5/9, kwa sababu chapati iliyokatwa vipande saba ina vipande vikubwa. Sababu yake ya vipande ni kweli, ila alisahau idadi yake. Sikumpa kanuni. Nilimuuliza, "Nusu ya saba ni ngapi?" Tatu na nusu. "Una vipande vingapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akacheka: tatu haijafika nusu, na tano kati ya tisa imeshaipita. Tangu siku hiyo nusu imekuwa mizani yake.

Wazazi wengi hapa wakisikia mtoto ana akili wanataka arushwe darasa, au aanze kutafuna karatasi za miaka iliyopita za PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, ili siku moja apate jumla ya 4, iliyo bora kuliko zote. Ninawaelewa, mtihani huo unafungua milango. Lakini mtoto wa miaka tisa anayepelekwa mbio kwenye kanuni za darasa la saba anajifunza kufuata njia ya mtu mwingine, na ule uwezo wa kutengeneza yake unafifia. Mimi huchimba palepale alipo.

Ratiba yetu haibadiliki: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, dakika 50, baada ya kula. Mtoto mwenye njaa hafikirii. Dakika chache za mwanzo anaieleza hesabu ya mara iliyopita bila kutazama daftari. Halafu swali moja tu, kwa dakika 25 au zaidi. Dakika 10 anaandika alivyofikiri, kwa sentensi, katika daftari la miraba. Hapendi kuandika, nami silegezi, kwa sababu wazo lenye tundu hupita vizuri mdomoni lakini hukwama kwenye karatasi.

Swali liwe la vitu anavyoviona. Nilimuuliza: shilingi 1,000 unaweza kuipata kwa njia ngapi ukiwa na sarafu za 100, 200 na 500 tu? Alinipa njia nane. Sikumwambia amekosea. Nilisema, "Utajuaje kwamba hujasahau nyingine?" Hilo ndilo swali lenyewe. Alihangaika, kisha akaamua kuanza na zile za 500. Zikiwa mbili, njia ni moja. Ikiwa moja, njia ni tatu. Isipokuwepo hata moja, njia ni sita. Jumla kumi, na sasa alikuwa na hakika, si kwa sababu mimi nilitikisa kichwa.

Akikwama, msaada uende kwa hatua. Kwanza alisome tena swali na kulisema kwa maneno yake. Bado? Apunguze namba: badala ya shilingi 1,000 ajaribu 300. Bado? Achore, au apange vitu mezani. Mimi nina kopo la vizibo vya soda kwa kazi hii. Kwa vizibo aligundua kwamba ukijumlisha namba witiri kuanzia moja, 1, kisha 1+3, kisha 1+3+5, unapata 1, 4, 9, na ukiendelea 16. Aliweka kizibo kimoja, akazungushia vitatu pembeni, kisha vitano, na kila mara mraba ukakua upande mmoja juu na upande mmoja kulia. Aliyeona mraba huo hahitaji kukariri chochote.

Kati ya hatua moja na nyingine, nyamaza. Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Nilimpa vikombe saba vya plastiki vilivyopinduliwa, midomo chini, nikamwambia avisimamishe vyote, kwa sharti kwamba kila mara ageuze viwili, si kimoja wala vitatu. Baada ya dakika 20 macho yalianza kulengalenga, nami kwa huruma nikasema, "Haiwezekani, mama." Alikasirika. Aliniambia nimemnyang'anya. Alikuwa na haki, na nilimwomba radhi.

Tulianza upya Alhamisi. Nilimwambia tu aandike, baada ya kila mgeuzo, ni vikombe vingapi bado viko midomo chini. Akaandika 7, 5, 3, 5, 5, 3, 1, 3. Akakaa akiitazama safu ile. Mwisho akasema: "Ni witiri zote. Nikigeuza viwili zinapungua mbili, au zinaongezeka mbili, au zinabaki palepale. Sifuri si witiri. Kwa hiyo siwezi kuifikia." Mtoto wa darasa la nne alikuwa ametoa uthibitisho kamili, na wa jambo lisilowezekana, ambao ni mgumu kuliko kupata jibu. Kabla hatujafunga akauliza mwenyewe, "Na nikigeuza vitatu vitatu?" Safari hii nilifunga mdomo. Jumamosi alirudi na njia ya migeuzo mitatu: kikombe kimoja kinageuzwa kila mara, na vile sita vingine vinagawanywa viwili viwili.

Lugha nayo ishughulikie. Huyu nyumbani anasema Kiteso na Kiswahili, na kuanzia darasa la nne shule ni kwa Kiingereza. Mara nyingi kinachomwangusha si hesabu, ni kutofautisha "zaidi kwa tatu" na "mara tatu" katika lugha ya tatu. Tunafikiri kwa Kiswahili mpaka wazo likae, ndipo anaandika kwa Kiingereza.

Jumamosi tunamalizia na bao, lile Waganda wanaloliita omweso: mashimo 32, kete 64. Sharti langu ni moja. Kabla hajainua kete aniambie zitaishia wapi. Wiki za kwanza alikuwa akikisia. Siku hizi ananiambia na jibu nitakalompa.

Mwalimu wake wa darasa usimfanye adui. Nilikwenda kumwona na daftari mkononi, nikamwomba mtoto akimaliza kazi yake aruhusiwe swali langu moja badala ya kupewa nyingine ishirini za aina ileile. Alikubali siku hiyohiyo. Mama naye nilimsihi asimwite mezani kuwaonyesha wateja, kwa sababu mtoto anayesifiwa kwa kujua kila kitu huanza kuogopa swali asilolijua.

Itafika siku maswali yake yatanipita. Hapa wilayani Tororo tuna Nagongera, kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema inayoandaa walimu wa sayansi na hisabati, na nimeshapanga kumtafuta mwanafunzi mmoja wa huko, aje mara mbili kwa mwezi, nami nikae pembeni. Nitampa lile daftari alisome kwanza, na nitamwomba asitatue swali lolote kabla mtoto hajaliwekea mkono.