Kabla mbwa au paka wako hajapotea Dar, fanya haya: kibati shingoni kwanza, chipu baadae

Mnyama akipotea hapa Dar, wa kwanza kumuona sio dokta wa mifugo. Ni bodaboda wa kijiweni, mlinzi wa geti la mtaa wa pili, mama ntilie, au watoto wanaotoka madrasa. Hao wote wana simu mkononi ila hakuna hata mmoja mwenye skana, kile kifaa cha kusoma chipu inayowekwa chini ya ngozi ya mnyama, kwaiyo ukiniuliza uanze na nini nakwambia anza na kibati chenye namba ya simu shingoni, leo hii, chipu itafuata. Na mbwa asiye na kola mtaani anahesabiwa mbwa koko tu, watu wanamrushia mawe hata kama nyumbani analala kwenye sofa.

Kibati unachongesha kwa mafundi wanaochonga funguo na mihuri, Kariakoo wamejaa na mitaani pia wapo. Mwambie achonge kabisa, asipake rangi wala kubandika stika, maana rangi inatoka mbwa akijikuna tu. Chukua stenlesi au shaba, hasa nyie wa Kigamboni, Mbezi Beach na Kunduchi, chumvi ya bahari inakula bati la bei rahisi mpaka namba hazisomeki. Alafu ile pete ya kushikia kibati, usitumie ile nyembamba ya kwenye funguo za zawadi, inafunguka mbwa akipita kwenye michongoma na kibati kinabaki hukohuko, tafuta pete nene ambayo kuifungua mpaka kucha iume.

Cha kuandika sio kingi. Namba mbili za simu, yako na ya mtu mwingine anayepokea simu kweli, kwa maandishi makubwa. Jina la mtaa ukitaka. Aina ya mbwa usiandike, unamwambia mwizi bei. Wengine wanapeleka kola kwa fundi wa kudarizi anashona namba kwenye mkanda wenyewe, mimi hii naipenda sana kwasababu hamna cha kudondoka. Ukimvalisha pima vidole viwili viingie kati ya kola na shingo, na kwa mtoto wa mbwa pima kila wiki, anakua haraka na kola inamkaba bila wewe kuona chini ya manyoya. Paka mnunulie kola inayoachia yenyewe ikivutwa, maana paka anapita juu ya ukuta wenye vyuma na vioo, kola ngumu ikinasa pale inaweza kumnyonga.

Sasa chipu. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, dokta anaiingiza kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega, kazi inaisha hapo hapo. Haina betri na, naomba hili lieleweke maana watu wengi wanauziwa maneno, HAIONYESHI mnyama yuko wapi, sio GPS. Ndani kuna namba tu, kwa kawaida tarakimu 15, na inasomeka skana ikisogezwa karibu. Namba hiyo haina jina lako wala simu yako mpaka isajiliwe kwenye kanzidata, yaani daftari la kwenye kompyuta la namba za chipu na wenye wanyama, kwaiyo chipu isiyosajiliwa haimrudishi mnyama nyumbani. Muulize dokta ameisajili wapi, kwa jina la nani, na ukibadilisha laini unaenda kubadilisha wapi. Mwambie ascan kabla hajaweka, mnyama wa kununua anaweza kuwa nayo tayari, ascan tena akimaliza, na ile stika yenye namba aibandike kwenye kitabu cha chanjo. Kila mwaka ukienda kuchoma chanjo ya kichaa cha mbwa omba ascan tena, na apitishe mpaka kwenye bega na ubavu sababu chipu inaweza kuhama kidogo.

Faida yake kubwa kwetu ni pale mtu akimchukua mbwa wako na kutupa kola, mkifika serikali ya mtaa kila mmoja anasema wangu, namba ya chipu na kitabu cha chanjo vinamaliza ubishi. Na kama una mpango wa kuhamia nae Ulaya chipu inatakiwa iwepo kabla ya chanjo ya kichaa au siku hiyohiyo, alafu damu yake inapimwa kuona kama chanjo imeshika, angalau siku 30 baada ya chanjo na mnasubiri miezi mitatu tangu damu itolewe, kwaiyo usikumbuke chipu wiki ya safari.

Akishapotea, zunguka mwenyewe mtaani kwanza, ongea na walinzi na vijiwe vya boda, mpe taarifa mjumbe, tupia picha kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa na mitaa ya jirani. Mkesha wa mwaka mpya fataki zinamtoa mbwa Sinza anaibukia Ubungo. Kwenye picha ficha kitu kimoja, labda kovu au tarakimu za mwisho za chipu, usiandike popote. Maana watapiga matapeli, "ninae hapa, tuma hela ya nauli kwanza nimlete", wewe muulize kile ulichoficha au apige video, akianza kuzunguka usitume hata mia.

Na wewe unayemuokota mbwa wa mtu, usimkimbilie kumshika shingo, mpe maji, ongea nae taratibu, soma kibati ukiwa pembeni. Kama hana, mpeleke kliniki ya mifugo yenye skana, piga simu kwanza uulize maana sio zote wanayo. Akikung'ata osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, alafu nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama amevaa kola nzuri.