Somo: Jinsi ya kumalizia hadithi fupi msomaji akaridhika

Ndugu wanakikundi, habari za tangu Jumamosi. Nimezisoma hadithi zote kumi na moja mlizoniachia. Karibu zote zinaanza kwa nguvu, na karibu zote zinaishiwa pumzi ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo leo tunashika jambo moja tu.

Ninaamini kabisa kwamba mwisho mzuri hautungwi mwishoni. Tayari uko ukurasa wa kwanza, umeuweka mwenyewe pengine bila kujua, na kazi yako ni kurudi kuuchukua. Tena kuridhika si kufurahi. Msomaji anaweza kumaliza hadithi machozi yakimlengalenga akaridhika, na anaweza kuletewa harusi na nyumba ya bati akabaki anajiuliza, "Sasa?"

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho, hadithi niliyoihangaikia mwaka jana. Tatu, binti, anaishi Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, na mama yake, ambaye anaanika dagaa. Kaka yake Tatu aliingia ziwani usiku mmoja na hakurudi. Karabai yake ya zamani, taa ya pampu ya kuvulia, imebaki msumarini, ukutani, juu ya ndoo ya maji, na mama hataki mtu aiguse. Kijana wa jirani anataka kuanza uvuvi, hana taa. Basi, hayo ndiyo yote.

Hatua ya kwanza: andika swali la hadithi kwa sentensi moja

Chukua karatasi ya pembeni uandike hadithi yako inauliza nini. Mimi niliandika, "Je, kaka atarudi?" Hapo ndipo nilipopotea wiki tatu. Swali hilo lilinilazimisha kumtafuta kaka: mara yuko Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa, mara anarudi na fedha, mara maiti inaokotwa. Kila mwisho nilioujaribu ulikuwa wa hadithi nyingine. Nilipoisoma upya nikaona kila tukio linamzunguka mama. Swali likawa: "Je, mama atakubali kuishusha ile karabai?" Lilipobadilika swali, nusu ya kazi ilikuwa imeisha.

Ukiona sentensi yako ina "na pia", una hadithi mbili. Chagua.

Hatua ya pili: rudi mwanzo na penseli

Pigia mstari kila kitu kinachoshikika kwenye ukurasa wa kwanza. Kwangu vilikuwa msumari, karabai, ndoo, khanga ya mama na mchanga wa kuanikia. Kimoja kati ya hivyo kirudi mwishoni kikiwa na maana iliyobadilika. Karabai ilikuwa dhahiri. Msumari sikuuona mpaka siku ya mwisho kabisa, nitaufikia.

Hatua ya tatu: mhusika mwenyewe afanye jambo, na limgharimu

Hapa ndipo wengi wetu tunamnyang'anya mhusika kazi yake. Ajali ya gari inamwua mbaya wa hadithi. Mjomba tajiri anatokea Dar es Salaam. Kumbe ilikuwa ndoto. Msomaji alikuwa anasubiri kuona binadamu akichagua, wewe umemletea bahati.

Na kuna treni. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo wahusika wetu wakishindwa na mambo wanapanda treni. Hadithi nne kati ya kumi na moja zimeishia stesheni! Kuondoka kunaweza kuwa mwisho, lakini pale tu ambapo kuondoka ndiko kulikokuwa kugumu. Kama mhusika alitamani kuondoka tangu aya ya pili, kumpandisha behewa ni kumpa nauli tu. Mwulize anaacha nini ambacho hakitamngoja.

Hatua ya nne: mwisho wako usiiongopee sehemu unayoiandika

Rasimu yangu ya kwanza iliishia kwa mitumbwi ikiondoka Kibirizi kwenye mbalamwezi, ziwa likimetameta, mama amesimama ufukweni. Niliipenda sana. Nikamsomea mzee mmoja mvuvi. Akasikiliza kwa heshima mpaka nukta ya mwisho, kisha akauliza, "Hao wanakwenda wapi na mwezi wote huo?"

Nyinyi wa ufukweni mnajua. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, taa ndiyo inayowakusanya. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwavuta, na watu wanakaa nchi kavu wakishona nyavu. Mwisho wangu mzuri ulikuwa uongo.

Lakini tazameni kosa lile lilivyonisaidia. Nilipoliweka sawa, nikagundua kwamba kipindi cha mbalamwezi ndicho hadithi yenyewe. Kijana wa jirani anakuja kuomba taa mwezi ukiwa mpevu, wakati hakuna anayeihitaji. Mama ana siku chache za kunyamaza. Kila usiku mwezi unachelewa zaidi kutoka, giza linarefuka, na jibu linadaiwa. Ziwa ndilo lililonipa taharuki, mimi sikubuni chochote. Ndiyo maana nawasihi: mtafuteni mwenye kazi hiyo mumsomee mwisho kabla ya kutusomea sisi.

Hatua ya tano: kata

Funika aya ya mwisho kwa kiganja. Hadithi bado imesimama? Ifute. Funika tena inayobaki. Mimi nilifuta hizi: "Tatu alimkumbatia mama yake kwa nguvu. Alijua sasa kaka yake amepumzika kwa amani, na maisha yangeendelea." Iliniuma kuifuta ile "kwa amani", lakini msomaji alishaijua.

Hatua ya sita: sikiliza vitenzi vyako

Hili hamtalipata kwenye vitabu vya lugha za watu, ni letu. Soma mwisho kwa sauti na usikilize viambishi. -Ka- inatembea: akaja, akakaa, akasema. Kila -ka- inamwambia msomaji kuna kingine kinafuata, kwa hiyo ukimwacha kwenye -ka- mguu wake mmoja uko hewani. Wakati mwingine ndivyo unavyotaka. Ukitaka atue, badilisha mwendo, umwachie hali au picha iliyotulia.

Halafu kuna hu-. "Machozi hukauka, na maisha huendelea." Hu- ya msimulizi kwenye sentensi ya mwisho inamtoa msomaji kibandani kwa mama Tatu na kumkalisha darasani. Ikimbieni.

Huu ndio mwisho niliobaki nao:

"Usiku wa tatu wa giza mama aliishusha karabai. Akafuta kioo kwa upindo wa khanga, akajaza mafuta, akapiga pampu. Ikaanza kuvuma. Kijana wa jirani alinyoosha mikono yote miwili kuipokea. 'Ukirudi alfajiri usiilaze chini,' mama alimwambia. 'Itundike.' Tatu alitazama ukutani. Msumari ulikuwa mtupu."

-Ka- tatu za mikono ya mama, moja ya taa, kisha mwendo unasimama. Na ule msumari nilikuwa nao tangu ukurasa wa kwanza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mwanga: Shikamoo mwalimu. Shuleni tulifundishwa kumalizia kwa methali au funzo. Hata bibi zetu walimaliza hivyo. Leo unatukataza?

Marahaba mwanangu. Insha ya mtihani ina mtahini anayetafuta funzo ampe mtu alama, mwachie huko. Kuhusu bibi, nakuomba ukumbuke vizuri. Alianza "Paukwa!" na ninyi mkaitika "Pakawa!" Mlikuwa mbele yake. Alizisoma nyuso zenu, akaona nani amesinzia, nani ameogopa, akarefusha au akafupisha. Funzo lake lilikuwa namna ya kuwasindikiza mkalale. Wewe msomaji wako humwoni, ukimfafanulia unambahatisha. Kama una methali unayoipenda, iweke kinywani mwa mhusika mapema, kisha mwisho uijaribu kama inabeba. Inaweza hata kuvunjika.

Mwanachama, Kasulu: Ni lazima niujue mwisho kabla ya kuanza?

Edgar Allan Poe, Mmarekani, alitetea mwaka 1846 kwamba mwandishi aujue mwisho kabla ya kushika kalamu, ili kila tukio lielekee huko. Namheshimu, na kuna watu inawafaa. Mimi nikiujua mapema nawaburuta wahusika kama mbuzi wa mnadani. Jaribu njia zote mbili kwenye hadithi mbili fupi.

Mwanachama, Kibirizi: Kaka, hadithi yangu inatokea mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei hadi Agosti. Niliona mwisho wa asili ni siku ya kufunguliwa, 15 Agosti. Umeniandikia "hapana" pembeni bila maelezo.

Samahani ndugu yangu, nilipaswa kueleza. Tarehe hiyo msomaji wa hapa anaijua hata kabla hajakusoma, haina cha kusubiriwa. Ule ni mwisho wa kalenda. Mhusika wako aliuza mashine ya mtumbwi mwezi Juni ili alipe ada, akamficha mke wake. Hadithi inaisha siku mke anapojua, au siku yeye anapoamua kusema. Ningependa iwe usiku wa tarehe 14, wenzake wote wanapima mafuta, yeye hana mashine ya kuyatia. Ziwa lifunguliwe baada ya nukta ya mwisho.

Mwanachama, Ujiji: Nataka mwisho wa kushtua. Msomaji aamini "daktari" ni mwanaume mpaka sentensi ya mwisho. Kiswahili kinaniruhusu, a- haisemi jinsia.

Kinakuruhusu, dada, lakini hapo aliyeficha ni sarufi. Wewe hujafanya kazi. Msomaji akirudi nyuma lazima akute alama ulizomwekea, aseme, "Aa, hapa!" Akikuta patupu ataona umemchezea. Weka alama mbili, moja mapema sana. Halafu jiulize kama mshtuko huo unabadilisha uamuzi wa mtu yeyote ndani ya hadithi. Kama haubadilishi, bado hujapata mwisho.

Mwanachama, Uvinza: Shikamoo. Mimi napenda kuacha wazi, lakini kila anayesoma ananiambia haijaisha. Tofauti iko wapi?

Marahaba. Kwenye hadithi ya Tatu hatujui kilichompata kaka, wala kama kijana wa jirani atarudi alfajiri. Hayo yako wazi na yanaweza kubaki hivyo, kwa sababu hadithi haikuahidi kuyajibu. Iliahidi la mama, na hilo limejibiwa. Sasa njoo kwenye yako. Mwanamke yuko stesheni ya Uvinza anangoja treni ya kutoka Tabora, na unakatisha kabla haijafika. Kwamba hatujui kama mume atashuka, sawa kabisa. Tatizo ni kwamba hatujui kama yeye bado anataka ashuke, na hilo umelidokeza tangu mstari wa kwanza ulipotuambia amepika ugali wa muhogo na migebuka kwa mawese, akafunga kwenye kapu. Usiongeze treni. Ongeza aya moja, amekaa kwenye benchi, kapu liko mapajani, njaa imemshika, na taa ya kichwa cha treni imeanza kuonekana kwa mbali. Anafungua kapu, au hafungui?