Jinsi ya kugawana mali za kihamba bila ndugu kununiana

Wachaga tunajua kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa kule Kilimanjaro, hakiuzwi hovyo, ila kinachogombanisha ndugu saivi sio ardhi tu, ni vile vinavyotoka humo kila wiki, ndizi, maziwa, kahawa, na hela zinazotumwa na walioko Dar. Kama hamjawahi kukaa mkaongea, subirini Desemba wote mmepanda mlimani, mkae kabla mbege, pombe yetu ya ndizi, haijaanza kuzunguka, na mzee wa ukoo awepo.

Anzeni na ndizi. Hizo toka enzi ni za mama, yeye ndo anajua mkungu upi umekomaa na upi wa kupeleka sokoni, kwahiyo hata kama wewe ndo ulitoa hela ya mbolea usikate bila kumuuliza. Hela ya kahawa inakuja kwa msimu, ipangieni kazi kubwa kama ada au bati.

Kwenye ng'ombe ndo wengi mnakosea. Mtu wa mjini ananunua mtamba, anamuacha kwa kaka aliyebaki nyumbani halafu anataka ndama na hela ya maziwa pia! Jamani, shemeji yenu anapandisha mzigo wa majani kichwani kutoka tambarare, jua kali, ng'ombe yupo bandani anamsubiri yeye. Utaratibu wa kufugiana tuliourithi ni wa haki, anayetunza anakunywa maziwa na samadi inaenda kwenye migomba yake, mwenye ng'ombe anahesabu ndama. Mkitaka kugawana na ndama semeni mapema, mfano wa kwanza wako wa pili wake, na dawa nani analipa.

Nyumba ya wazazi kimila inabaki kwa kitinda mimba, sawa, ila msimuachie yeye peke yake gharama za kuwatunza wazee. Na dada zenu wawepo kikaoni, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume kwenye kupata na kumiliki ardhi, tusijifanye hatujui.

Michango itumwe namba moja, meseji ya M-Pesa ibandikwe kwenye grupu la familia, na mliyokubaliana yaandikwe kwenye daftari linalokaa kwa mama, wote msaini. Akitokea wa kuyavunja, mwiteni mbele ya wazee aje na isale lake, lile jani letu la kuombea radhi, aombe msamaha, ndo mfungue daftari muendelee.